Kura Ishirini za Marcelė

Pale kijijini Šilabaliai, enzi za utawala wa Warusi, aliyetaka kujua habari za nyumba yoyote hakumuuliza padri wala mwenyekiti wa shamba la ushirika. Alimuuliza Genovaitė, mpokea maziwa. Kwa miaka thelathini na ushei mwanamke huyo alisimama kila asubuhi kwenye kibanda cha njiapanda, akipima ndoo za watu na kuandika. Aliyetia maji kwenye maziwa alimtambua kabla hajafunua ndoo, kwa jinsi alivyomsalimia kwa bashasha iliyopita kiasi. Nani kagombana na mkewe, ng'ombe wa nani kakauka, kijana wa nani karudi kutoka jeshini akiwa hasemi, yote yalipita mbele yake na yote aliyafungia kinywani. Alikuwa mfupi, mpana wa mabega, na mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa mwalimu. Mwandiko huo ndio uliomponza.

Maana mwaka 1959 mwenyekiti Vaclovas aliutazama, akasema, "Wewe ndiye katibu wetu wa uchaguzi," na hakuna aliyeuliza kama mwenyewe anataka.

Uchaguzi wa siku zile, tuseme ukweli, haukuwa na kuchagua ndani yake. Karatasi ilikuwa na jina moja. Unapewa, unaikunja, unaitumbukiza ndani ya sanduku, kisha unakwenda kantini kugombania machungwa ambayo hukuyatia machoni tangu uchaguzi uliopita. Aliyetaka kumkataa mgombea ilimpasa aingie nyuma ya pazia, achukue kalamu na kulifuta lile jina moja. Sasa niambie, nani angeingia nyuma ya pazia huku Vaclovas amekaa pale mlangoni na kofia yake ya manyoya, anatazama nani anaelekea wapi? Pazia lile lilidumu miaka mingi likiwa jipya, maana halikushikwa na mkono wa mtu.

Kazi ya Genovaitė ilikuwa kuhakikisha hakuna anayekosa. Ilipofika saa sita mchana simu ya wilayani ililia: wamebaki wangapi? Hapo alibeba sanduku dogo akazunguka nalo kwa wagonjwa na vikongwe. Aliyelewa akalala, aliyekwenda harusini kijiji cha pili, aliyesahau tu, wote aliwatumbukizia mwenyewe, akaweka alama kwenye daftari na kuondoka. Hakujiona mwizi. Alijiona kama mtu anayefunga banda la kuku vizuri ili mbweha asisikie harufu.

Lakini kulikuwa na jina moja lililomkaa kooni kila mara, nalo lilikuwa la dada yake.

Marcelė alimzidi miaka tisa. Mwaka 1949 yeye na mumewe Juozapas walipakiwa kwenye gari moshi la mizigo na kupelekwa Siberia, kosa lao likiwa mikate mitatu waliyowapa vijana waliojificha msituni wakipigana na Warusi. Juozapas alibaki kule chini ya msalaba wa mti. Marcelė alirudi baada ya miaka tisa, na sanduku la mbao na kifundo cha mguu kilichovunjika kikaunga vibaya. Uchaguzi wa kwanza ulipofika, Genovaitė alimpelekea karatasi yake mlangoni. Dada yake hakuipokea.

"Walichukua ng'ombe, wakachukua nyumba, wakachukua mume," alisema. "Jina hili ni langu. Sanduku lao halilipati."

Genovaitė alirudi na ile karatasi mkononi. Alijua chumba anachokaa dada yake pale kwenye kinu cha zamani cha kusagia nafaka ni cha hisani ya Vaclovas, na kishamba cha viazi vilevile. Yeye mwenyewe alikuwa na mwana, Algis, aliyetaka kusomea uhandisi. Mstari mmoja mtupu kwenye daftari ungetosha kuviondoa vyote. Jioni Vaclovas aliuliza, "Na dada yako amepiga?" Genovaitė akajibu, "Amepiga." Na kweli jina la Marcelė lilikuwa limekwisha kupiga, limelala ndani ya sanduku na mengine.

Akafanya hivyo uchaguzi uliofuata, na uliofuata tena. Mara ishirini kwa hesabu, na hesabu anayo, kwa sababu kila uchaguzi alinakili orodha kwenye daftari la shule na kulificha chini ya shuka kwenye kasha. Kwa nini alizinakili, hata yeye hakujua. Labda mtu anayetunza siri ya kijiji kizima hutaka pawe na mahali pamoja palipoandikwa ukweli.

Marcelė yeye aliishi kwa fahari yake. Siku ya uchaguzi alivaa kitambaa cheupe cha kichwani, akaketi kwenye dirisha linalotazama barabara, ili watu wamwone jinsi asivyokwenda. Gazeti lilipokuja kutangaza kwamba wananchi asilimia tisini na tisa nukta tisa nane wamepiga kura kwa furaha, aliligonga kwa kidole. "Mnaona? Kilichopungua hapo ni mimi." Watu walicheka, lakini walipopita dirisha lile walivua kofia. Hakuwa na mtoto, hakuwa na shamba wala nyumba. Alikuwa na hilo tu, na lilimtosha.

Genovaitė naye hupita na sanduku lake dogo lenye kitambaa chekundu.

"Hujachoka kubeba huo uongo, mdogo wangu?" Marcelė huuliza kutoka dirishani.

"Mzito kidogo," Genovaitė hujibu, na kuongeza mwendo.

Basi dunia ikageuka, tena ikageuka haraka hata waliokuwa wakiombea igeuke wakashtuka. Bendera ya taifa ya njano, kijani na nyekundu, ambayo mtu alifungwa kwa kuipaka ukutani, sasa ilipepea juu ya shule mchana kweupe. Watu wazima walilia wakiimba wimbo wa taifa, kisha wakaulizana kwa kunong'ona ubeti wa pili unasemaje. Likaanzishwa Vuguvugu la kudai uhuru, na mtu wake hapo kijijini alikuwa Rimgaudas, mwalimu wa historia, kijana mwenye ndevu na haraka. Ikatangazwa kwamba uchaguzi wa Machi 1989 utakuwa na majina mawili: Stankūnas, katibu wa wilaya wa Chama kilichotawala, na Dagys, daktari wa mifugo, ambaye mikono yake ilishaingia ndani ya nusu ya ng'ombe wa tarafa ile na kutoka na ndama hai.

Si wote waliofurahi. Wapo vijana waliosema kupiga kura katika uchaguzi wa mvamizi ni kumpa heshima. Rimgaudas aliwajibu kwamba mlango ni mlango, hata kama aliyeujenga ni mlinzi wa gereza. Vaclovas, aliyezeekea kwenye kiti chake, alisikiliza akitafuna mbegu za alizeti. "Chezeeni karatasi, wanangu," akasema. "Vifaru havijui kusoma." Hakusema kwa ubaya. Alikuwa ameviona vifaru mara mbili maishani, na hakutaka kuviona mara ya tatu.

Utaratibu sasa ulikuwa huu: mpiga kura anamfuta asiyemtaka na kumwacha anayemtaka. Akiacha majina yote mawili, karatasi imeharibika. Wiki nzima pale kwenye maziwa Genovaitė alihubiri hayo mpaka sauti ikamkauka, maana watu waliozoea kutumbukiza bila kutazama hawabadiliki kwa siku moja.

"Kwa hiyo namfuta daktari?" mzee mmoja aliuliza.

"Unamtaka daktari?"

"Namtaka sana."

"Basi humfuti! Unamfuta yule mwingine!"

"Sasa kwa nini nihangaike na nisiyemtaka?" mzee akasema, na Genovaitė akamimina maziwa yake.

Siku ya Jumatano Rimgaudas alikuja kibandani, macho yanang'aa. "Shangazi Genutė," alisema, kwa lile jina la mkato walilozoea kumwita, "bibi Marcelė amekubali! Atapiga kura, tena yeye wa kwanza. Ameniambia, 'Jina likiwa moja huchagui, unapiga magoti. Yakiwa mawili nakuja kwa miguu yangu.' Nitasema maneno machache mbele ya watu. Na wewe uje na yale madaftari yako ya zamani."

"Madaftari gani?"

"Amesema kuna siku aliyaona kwenye kasha lako. Anataka vijana waone mstari wake mtupu. Miaka thelathini mtupu! Shangazi, hiyo ni hazina ya taifa."

Genovaitė akamwagia maziwa viatu vyake mwenyewe.

Jumamosi Kuu alikwenda kwenye kinu kumwambia. Marcelė alikuwa dirishani na bakuli la mayai yaliyochemshwa na maganda ya vitunguu, mekundu ya giza kama mbao za kale. Mkononi alikuwa na kisu kilicholiwa na miaka kikabaki ncha. Hakuna aliyekwaruza mayai ya Pasaka kama yeye katika parokia nzima. Macho yalikuwa yameanza kuingia ukungu, lakini vidole havikuhitaji macho: mkwaruzo, mkwaruzo, na tawi la msonobari likatokea jeupe juu ya ile rangi, na juu ya tawi kijua kidogo chenye miale.

"Dada," Genovaitė alianza, "kesho, yale madaftari..."

"Utayaleta. Usiniangushe." Marcelė alipuliza unga wa ganda. "Unajua nilichowaza usiku? Juozapas angeniuliza, 'Ulifanya nini muda wote huo bila mimi?' Nina la kumjibu. Sikuwapa."

Genovaitė alikunywa chai. Akaaga, akaondoka. Njia nzima hadi nyumbani alijitukana kwa majina ambayo hata ng'ombe mwenye kupiga teke hajawahi kuitwa.

Pasaka mwaka ule iliangukia siku hiyohiyo ya uchaguzi; wakubwa huko juu hawakuwa na habari, au walidhani hakuna anayekumbuka. Alfajiri kengele zililia, watu wakazunguka kanisa mara tatu nyuma ya msalaba, matope ya theluji inayoyeyuka yakiwafika kwenye vifundo. Kutoka kanisani wakaja moja kwa moja kwenye ukumbi wa kijiji na vikapu vyao vya mayai yaliyobarikiwa. Meza ileile iliyokuwa ikibeba sanamu ya kiongozi sasa ilibeba sanduku la kura, bendera, na keki ya mtu.

Marcelė aliingia akichechemea, kitambaa cheupe kichwani, kidevu juu kama bibi harusi. Watu wakampisha. Rimgaudas akapanda kwenye kiti.

"Ndugu zangu! Wako watu waliopigana kwa bunduki. Huyu mama alipigana kwa kukaa dirishani. Sanduku lile halikupata jina lake hata mara moja! Shangazi Genutė, tusomee, kila mtu asikie."

Genovaitė alifungua daftari. Neno lililotakiwa lilikuwa moja, "hakupiga," na hakuna mtu ambaye angechungulia. Lakini aliona upande wa pili wa meza zile karatasi mpya zenye majina mawili, na mzee wa maziwa ambaye alikuwa amejifunza kwa taabu nani wa kumfuta. Ikamjia wazi kwamba siku hii nayo akiianza kwa kusema uongo, itakuwa uchaguzi wa ishirini na moja wa namna ileile, basi.

"Elfu moja mia tisa hamsini na tisa," alisoma. "Amepiga. Sitini na moja. Amepiga. Sitini na mbili. Amepiga."

"Shangazi, umefungua ukurasa wa mtu mwingine," Rimgaudas alisema.

"Ukurasa ni huuhuu na mwandiko ni wangu. Mimi ndiye niliyemtumbukizia."

Nyuma kuna mtu aliyecheka, kisha akanyamaza kwa aibu. Vaclovas alikuwa anatazama buti zake.

"Mara ngapi?" Marcelė aliuliza.

"Ishirini."

"Zote?"

"Zote, dada."

"Na mimi nimekaa dirishani."

"Na wewe umekaa dirishani. Niliogopa watakutoa kwenye chumba. Nilimwogopea Algis. Nilijiogopea mwenyewe."

Uso wa Marcelė ulishuka taratibu, ukawa wa bibi kizee wa kawaida mwenye mguu mbovu. Hilo ndilo lililomuuma Genovaitė kuliko tusi lolote. Angepigwa kofi angeshukuru.

"Nipe karatasi yangu," Marcelė alisema.

"Dada, sikiliza kwanza. Yule ambaye hu..."

"Funga mdomo! Miaka thelathini umeushika mkono wangu. Leo uachie."

Aliingia nyuma ya pazia, akakaa humo muda mrefu hata watu wakaanza kukohoa. Alipotoka aliitumbukiza karatasi bila kumtazama mtu, akapita mbele ya mdogo wake, akaenda zake. Yai alilokuwa amemwekea kikapuni, lenye jina la Genutė limekwaruzwa ubavuni, aliondoka nalo.

Saa mbili jioni sanduku lilifunguliwa. Walikaa mezani Genovaitė, Rimgaudas na Vaclovas, wakipanga mafungu mawili na kafungu kadogo ka zilizoharibika. Fungu la Dagys lilikuwa likipanda hadi Rimgaudas akawa anapumua kwa mdomo. Ndipo mkono wa Genovaitė ukaokota karatasi moja, ukasimama.

Jina la Stankūnas lilikuwa safi. Jina la Dagys lilikuwa limefunikwa na mikwaruzo midogomidogo ya kalamu, imepangwa kwa unyoofu, huku na huku, tawi la msonobari. Mwishoni mwa tawi kulikuwa na jua lenye miale.

Alielewa papo hapo. Kwenye yai, unachokikwaruza ndicho kinachong'aa. Usichokigusa kinabaki gizani. Dada yake alimpamba daktari wake. Alimpamba kwa utulivu wote aliokuwa nao siku ile, na kwa sheria ya karatasi akawa amempa Stankūnas kura.

Kwenye kiwiko cha Genovaitė kulikuwa na rundo la karatasi zilizobaki, na kalamu ilikuwa mkononi mwake. Vaclovas alikuwa anasinzia. Rimgaudas alikuwa anahesabu kwa sauti. Alishafanya mambo mazito kuliko hilo akiangaliwa na macho makali kuliko hayo. Tena safari hii hata Mungu angefumba jicho moja, maana asingeiba chochote. Angempa tu mtu anachokitaka. Kidole gumba kilishagusa karatasi tupu. Akajua pia kwamba mara zote ishirini alikuwa amejiambia vivyo hivyo, kwamba ni kwa faida ya dada.

Akaiweka karatasi kwenye fungu la Stankūnas.

"Mwingine tena?" Rimgaudas alinung'unika. "Hawa ni akina nani?"

"Ni mtu aliyepiga kura," Genovaitė alisema. "Endelea kuhesabu."

Dagys alipata mia mbili thelathini na moja, Stankūnas thelathini na nane. Nje watu walianza kuimba, na safari hii wengi walijua ubeti wa pili. Genovaitė alifunga karatasi kwa kamba, akatia lakiri, akapitia njia ya nyuma kwenda nyumbani akilia.

Jumatatu ya Pasaka ni siku ya kutembeleana. Alikwenda kwenye kinu akiwa na nusu ya keki. Marcelė hakumkaribisha, lakini hakuufunga mlango.

"Yangu ilihesabiwa?"

"Ilihesabiwa."

"Hukuichezea?"

"Niliishika kuiweka kwenye fungu lake tu."

"Fungu la daktari."

Genovaitė aliitua keki mezani. "La Stankūnas."

"Unasema nini wewe?"

"Ulimfuta daktari, dada. Ulimchorea tawi la msonobari na jua. Hapakuwa na karatasi nzuri kama ile sanduku zima."

Marcelė aliketi. Alitazama vidole vyake, kisha bakuli la mayai, kisha vidole tena. "Stankūnas," alisema. "Miaka thelathini nipo dirishani, halafu siku ya Ufufuo naoga, navaa, nachechemea kilomita mbili kwenye matope, nampa kura Stankūnas."

"Ndiyo."

"Kalamu ulikuwa nayo?"

"Nilikuwa nayo."

"Na karatasi tupu?"

"Rundo zima."

Marcelė alisimama, sauti ikampanda. "Mara ishirini hukutumwa na ukanipigia! Hii moja, hii moja tu ambayo ningekupigia magoti uirekebishe, ndiyo ukaiacha?"

"Zile zilikuwa zangu," Genovaitė alisema. "Hii ilikuwa yako. Ningeigusaje?"

 Huko nje barabarani walipita watoto na vikapu, wakapiga kelele kumsalimia mama wa dirishani, na Marcelė akawapungia mkono bila kufikiri, kama alivyozoea. Kisha akageuka.

"Uchaguzi mwingine lini?"

"Wanasema mwakani."

"Utanielekeza mapema. Kwa mdomo. Mkono wako ukae mbali."

"Utakaa mbali, dada."

Marcelė alilivuta bakuli la mayai, akalisukuma katikati ya meza. Juu kabisa lilikuwepo lile lenye jina la Genutė ubavuni.

"Haya, chagua," alisema.

Genovaitė akachukua lile lenye jina lake. Marcelė akachukua jingine, wakayagonganisha kama ilivyo desturi ya Pasaka kuona yai la nani litashinda, na la Genovaitė ndilo lililopasuka.